Mkono Wenyewe

Mkono wa Bi Kibibi uliwaingia wanawake wote waliokuwa uani kwangu kwa mkupuo mmoja, asubuhi ya harusi ya binti yangu Mwanakheri, kabla moto haujakolea. Uliniingia na mimi. Ulianzia begani kama maji ya uvuguvugu, ukashuka kiwikoni, ukafika vidoleni, na mimi ambaye mume wangu hula wali wangu kwa heshima tu, nikamenya kitunguu nikakikata vipande vyembamba ambavyo ukivilaza juu ya gazeti unasoma habari zote. Nikacheka peke yangu. Nilipoinua uso nikakuta ua mzima unacheka, kila mmoja anakitazama kisu chake kama mtu aliyekuta pesa mfukoni mwa gauni la zamani.

Lakini ngoja nianze vizuri. Mimi ni Zamoyoni wa Barabara ya Kumi na Tano, Ngamiani, Tanga, na nyumba yangu haijawahi kukaa na kiti kitupu. Napenda watu na napenda habari zao. Kwa hiyo binti yangu wa pekee alipochumbiwa, nilialika Ngamiani yote, na upande wa bwana harusi wakaalika Korogwe yao yote, na masufuria yakapangana toka mlango wa uani mpaka bafuni.

Mpishi alikuwa mmoja tu wa kufikiriwa. Bi Kibibi ni mjane, hana mtoto, hana duka wala shamba. Ana mkono. Pilau yake ikifunuliwa, hata bi harusi husahauliwa kwa muda, na kuna watu wamesogeza tarehe za ndoa zao mpaka yeye apate nafasi. Lakini mtu mmoja hawezi kusimama kwenye masufuria yote yale. Ndiyo maana alikuja na Somoe.

Somoe ni binti wa kaka yake, naye ni fundi wa vipini. Wakati huo kila mtu alikuwa na kipini puani. Vilianza kama pambo la kupigia simu, wakaja madaktari wakavitumia kupimia damu, halafu kina Somoe wakavipa kazi kubwa zaidi: kuazimishana ujuzi. Fundi cherehani anakuazima mkono wake kwa siku mbili, unajishonea gauni, unaurudisha. Kama kuazimana kinu.

Somoe alikaa mkekani na kishikwambi chake. Kwanza akachukua nakala ya mkono wa shangazi yake akaiweka kando, kama unavyoficha ufunguo wa akiba. Kisha akamwelekeza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kusikilizwa.

"Shangazi, kuna njia mbili. Ukiwapa nakala, ni kama umemjengea kila mmoja nyumba iliyofanana na yako. Akipaka kuta zake rangi ya kijani, zako zinabaki nyeupe. Ukiwapa mkono wenyewe, hujengi kitu. Unawapa namba ya nyumba yako na ufunguo. Nyumba ni moja, yako, na mmoja wao akipaka kijani, ukirudi unakuta kijani. Wape nakala."

Ni ushauri mzuri, ila Somoe amesoma Dodoma na amekaa huko miaka. Kwetu mpishi mkuu akimkabidhi mwenzake mwiko, humkabidhi ule ule anaoutumia, kwa mkono wa kulia, na husema, "Chukua wenyewe." Akikutafutia mwingine wa kando, ameshakwambia mbele za watu kwamba hakuamini. Nawajua wanawake waliohama mtaa kwa sababu ya mwiko wa kando.

Na ua ulikuwa umejaa. Macho yote kwa Bi Kibibi. Kipini chake kikauliza kwa sauti iliyosikika mpaka barazani: nakala, au wenyewe?

Bi Kibibi akatutazama, akaiweka sawa kanga begani.

"Wenyewe," akasema. "Kwa wote waliomo uani."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilimtoa bi harusi chumbani na hina haijakauka. Somoe peke yake ndiye aliyeinamisha kichwa.

*

Sijui niieleze vipi ile saa ya kwanza. Ulikuwa mkono mmoja unapika masufuria yote. Vitunguu viligeuka rangi ya kahawia pamoja, kote, kama taa za barabarani zinavyowaka. Mama Zuhura wa genge la samaki, ambaye pilau yake watu huisifu wakiwa wameshaondoka mbali, alipalia makaa juu ya kifuniko kwa ustadi, akawa anatembea akiwaonyesha watu vidole vyake. Nilikuwa na furaha ya kuruka ukuta.

Halafu jasho likaanza kututoka, na sote tukajifuta paji la uso kwa bega la kushoto. Sote, kwa mtindo mmoja. Tukatazamana. Ni Mama Zuhura anayejifuta hivyo, kwa kuwa mikono yake huwa na shombo. Tabia yake ilikuwa imeingia kwenye mkono, na mkono ulikuwa mmoja. Tulicheka mpaka tukashikana. Baadaye kidogo tukajikuta tunaonja kwa kudondoshea mchuzi kwenye kiganja, na tukaanza kubishana hiyo ni tabia ya nani, hakuna aliyekubali.

Bi Kibibi naye alikuwa anacheka, lakini niliona anajifuta kwa bega kisha analitazama lile bega.

Kicheko kilikatika kwenye kachumbari. Visu vilianza kwenda upande. Vipande vya nyanya vikatoka vinene huku na vyembamba huku, kwangu, kwa Mama Zuhura, kwa kila mtu. Kiwiko kilikuwa kinataka kuinuka juu zaidi ya kawaida, na kifundo cha mkono kinatetemeka. Nikamsikia Bi Kibibi akivuta pumzi. Upawa ulikuwa umemponyoka. Supu ikamwagika motoni, moshi ukapanda.

Tangu nimjue Bi Kibibi, sikuwahi kumwona akidondosha hata punje ya iliki.

Somoe alikuwa ameshakitazama kishikwambi chake. Akainuka, akapita katikati yetu mpaka ukutani, chini ya kamba ya nguo, ambako hakuna aliyekuwa ameangalia tangu asubuhi.

Pale alikaa Bi Tunu.

Bi Tunu naye alikuwa mpishi, na kwa bokoboko lake, ngano iliyosongwa na nyama, watu walikuwa wanatoka hadi Muheza. Zamani yeye na Bi Kibibi walikuwa wakichangia hata sabuni. Siku moja kwenye shughuli Bi Kibibi alimwomba amwonyeshe jinsi anavyolisonga, na Bi Tunu akafunika sufuria kwa kanga, akageuza mgongo. Hawakusalimiana tena. Kisha kiharusi kikamshika Bi Tunu, mkono wa kulia ukafa, na bokoboko likafa nao. Nilimwalika kwa sababu nisingemwalika mngenisema. Nilimwekea kiti, nikampa soda, nikaendelea na mambo yangu.

Naye alikuwa uani. Bi Kibibi alisema wote waliomo uani.

Sinia la nyanya lilikuwa mapajani mwake. Kisu alikuwa nacho mkono wa kulia. Alikuwa anakata, polepole, kiwiko kimeinuka juu kwa kuwa bega halikuwa na nguvu, kifundo kinatetemeka, na kila kipande kilichoanguka alikuwa anakitazama kwanza kabla ya kukata kingine. Machozi yalikuwa yanamtoka na hajifuti, maana mkono wa kushoto ulikuwa umeshika nyanya na wa kulia ulikuwa na kazi.

*

Walioona miujiza watanielewa. Ua ulilipuka. Watu walimkumbatia Bi Tunu, wengine walianza kaswida, jirani aliyekuwa juu ya paa akisafisha vioo vya umeme wa jua nusura aanguke. Mimi nilikuwa nalia na kusambaza habari kwa wakati mmoja, kipini changu kilichemka.

Ilimchukua Somoe muda kupata nafasi ya kusema. Alisema kwa utaratibu na alituvunja moyo kidogo kidogo.

Mkono ulikuwa unajirekebisha ili umfae Bi Tunu, ndiyo maana ulikuwa unapinda. Bega lake ni dhaifu, basi mkono unajifunza kuinua kiwiko. Lakini ni mkono wa Bi Kibibi, uliomo kichwani mwa Bi Kibibi, hakuna mwingine. Kila unachojifunza kule ukutani, unakijua huku jikoni.

Tukamwambia ampe Bi Tunu nakala. Haiwezekani, akasema; nakala inahitaji mahali pa kukaa, na mahali hapo ndipo kiharusi kilipopiga. Namba ya nyumba tu ndiyo isiyohitaji chumba. Mama Zuhura akasema basi yeye apewe nakala, na Bi Tunu apewe namba ya nyumba ya Mama Zuhura. Nilimpenda siku hiyo. Lakini mkono ulionakiliwa hauazimishwi tena, kipini kinakataa, walivitengeneza hivyo ili watu wasije wakauza mikono ya wenzao.

Zikabaki njia za Somoe mwenyewe. Angeweza kumfungia Bi Tunu kubadili: aingie nyumbani, atumie vyombo, asiguse kuta. Akajaribu. Mkono wa Bi Tunu ukanyooka kama wa askari, ukalivuta lile bega bovu kwa namna ya Bi Kibibi, na Bi Tunu akaumia hata kisu kikaanguka. Mkono usioruhusiwa kumjua mwenye bega haukumfaa kitu. Somoe akafungua haraka, akamwomba radhi.

"Kwa hiyo ni hivi, shangazi," akasema. "Ile nakala ya asubuhi ninayo. Nikikurudishia, unakuwa Kibibi yule yule, na Bi Tunu nampokonya ufunguo. Nikiacha wazi, mkono wako na wake ni mmoja, kuanzia leo mpaka mmoja wenu afe. Na siwezi kungoja kesho. Mkono uliobadilika ukilaliwa usiku mmoja unaota mizizi, ile nakala haitaingia tena."

Kwenye kipini changu wifi yangu alikuwa ananiambia treni ya Korogwe imeshapita Muheza.

Bi Kibibi alikuwa ameshika upawa kwa mikono miwili. Mikono miwili, Bi Kibibi. Nikawaza watu wa mji huu wanavyosema, na najua wanavyosema kwa kuwa mara nyingi ni mimi ninayeanza: Kibibi siku hizi anamwaga, Kibibi amekwisha, tafuteni mwingine. Na akikataa, nilijua pia tutakavyosema.

Bi Tunu ndiye aliyeanza kusema. Ulimi wake ulikuwa mzito tangu ugonjwa, lakini kila neno lilifika.

"Kata, Somoe. Usimuulize. Amezungukwa na watu, ataona haya kusema hapana. Mkono wa haya mimi siutaki."

Nilihisi joto usoni. Sote tulihisi, maana ndivyo mkono ulivyotolewa asubuhi, na vigelegele vyetu ndivyo vilivyousukuma.

Bi Kibibi akaweka upawa chini.

"Zamoyoni," akaniambia, "toa watu wako uani. Wote. Na wewe."

*

Sijawahi kuombwa jambo gumu kama lile ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Tuliingia ndani. Tulijazana sebuleni, ukumbini, chumbani kwa bi harusi, tukakaliana mapajani, na kila mmoja akatega sikio. Tuliacha masufuria yote kwa Somoe na wale wawili. Mama Zuhura alinisukuma niende dirishani. Nilienda. Pazia lilikuwa limeshushwa, na yule Somoe alikuwa ameegemea dirisha kwa nje, mgongo wake umeziba hata ule ufa wa pembeni.

Nilisikia kiti kinaburutwa. Nilisikia sauti ya Bi Kibibi, chini, kama mtu anayeuliza bei. Halafu mmoja wao akacheka kicheko kifupi, na mpaka leo siwezi kuapa kilikuwa cha nani. Hayo ndiyo yote niliyoyapata. Watu wananiuliza hadi kesho, na naona wengine wanadhani nawaficha.

Mlango ulipofunguliwa, Bi Tunu hakuwa tena ukutani. Kiti chake kilikuwa mbele ya jiko dogo la mwisho, na kando yake alisimama Bi Kibibi akijifunga kanga kiunoni.

"Hawa wote wape nakala ya asubuhi," alimwambia Somoe, tena bila kunong'ona, na bila kutazama ni nani atachukia. "Kila mtu nyumba yake. Mimi niache nilivyo. Tunu mwache na ufunguo."

Somoe akamuuliza kama ana hakika, maana akilala ndiyo basi. Akamjibu kwamba amelala na mengi mabaya zaidi ya hilo, afanye haraka, wageni wana njaa.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Tulipita mmoja mmoja mbele ya kishikwambi, na mkono ukatutulia mwilini, ule wa zamani, ulionyooka. Pilau iliokoka. Na hapo nikaona jambo: katika ua wote ule, kila mwanamke alikuwa anapika kama Bi Kibibi, isipokuwa Bi Kibibi. Yeye alikuwa anakoroga kiwiko juu, kifundo kinatetemeka, anajizoeza kidogo kidogo kama mwali. Sufuria lake lilishika chini kidogo. Korogwe walipofika na kula, mama mmoja wa upande wa bwana harusi aliniuliza hili la pembeni limepikwa na mwanafunzi gani. Nilimwambia limepikwa na Bi Kibibi mwenyewe. Akadhani namtania.

*

Limebaki bokoboko.

Ngano niliiroweka jana yake, na nyama niliichemsha nayo alfajiri, nikijua vizuri hakuna wa kuisonga. Nilitaka tu itajwe kwamba kwenye harusi ya Zamoyoni bokoboko lilikuwepo. Lilikuwa kwenye lile jiko dogo la mwisho, limeiva, limelegea, linangoja mtu asiyekuja.

Bi Tunu aliomba mwiko. Bi Kibibi akampa ule aliokuwa nao mkononi, kwa mkono wa kulia.

Akasonga. Mara ya kwanza ulikuwa mkono wa pilau ndani ya sufuria la bokoboko, unazungukazunguka bila kujua njia. Kisha ukasita. Bi Tunu alifumba macho. Kichwani mwake jambo lile halikuwahi kufa, ni njia ya kuliteremsha mkononi ndiyo iliyokatika, na sasa kulikuwa na njia. Nikauona mwiko unazama mpaka chini kabisa, unageuka kwa kifundo, unapanda na ngano imejikunja juu yake kama kitambaa. Tena. Tena. Harufu yake ikatoka, harufu ambayo Ngamiani haikuinusa kwa miaka, na barazani wazee wakageuza shingo.

Lakini bega lilichoka upesi. Mwiko ukapungua mwendo, ukasimama. Bi Kibibi akaupokea bila kuulizwa, akauingiza.

Mkono wake ulizama moja kwa moja chini, ukageuka, ukapanda.

Akaganda. Nilikuwa karibu, nimebeba sinia, nikamwona anavyokitazama kifundo chake. Kitu alichonyimwa kwa kanga na mgongo kilikuwa kimo mkononi mwake, kimekaa, kama kilichozaliwa naye.

"Kumbe unaanzia chini," akasema.

"Ungeniuliza ningekwambia," Bi Tunu akajibu.

"Nilikuuliza, Tunu."

"Uliniuliza mbele za watu."

Bi Kibibi akashusha pumzi ndefu. Akavuta kigoda kwa mguu, akakaa, magoti yao yakagusana, na mwiko ukaendelea, chini, geuka, juu. Midomo ya Bi Tunu ilikuwa inataka kusema jingine. Nyuma yangu nilisikia kanga zinachakarika. Mama Zuhura, mashangazi, Korogwe na sahani zao, wote wanakuja kuona.

Nikaweka sinia chini. Nikawarudisha ndani wote, nikaingia nyuma yao, na nikaufunga mlango wa uani kwa mkono wangu, bila kuambiwa na mtu. Nikauegemezea mgongo. Wakaniuliza kuna nini huko.

Nikawaambia bokoboko litakuwa tayari sasa hivi.